Suruali Imebaki West Point

Mhusika wangu wa kwanza kwenye gemu hii aliishi dakika kumi na moja. Nakumbuka kwa sababu chai niliyomimina kabla sijaanza ilikuwa bado inatoa mvuke alipokufa. Aliamka kwenye nyumba ndogo mjini Muldraugh, tarehe 9 Julai 1993, akapekua jokofu, akatoka mlango wa mbele kama anayewahi daladala ya alfajiri, na hapo barabarani akakutana na mazombi sita. Nikamkimbiza. Kila kona niliyokata ilikuwa na wengine. Mwishowe akaanza kuhema, miguu ikawa mizito, na wale waliokuwa wakimfuata kwa mwendo wao uleule wa kuburuta miguu wakamfikia bila kuongeza hata hatua.

Wa pili alimaliza siku nzima. Wa tatu aliungulia ndani kwa sababu niliacha kuku kwenye oveni nikaenda kutafuta shoka, niliporudi jiko lote lilikuwa moto na mimi badala ya kutoka nikaingia kuokoa mkoba. Wa nne sitaki kumzungumzia.

Gemu yenyewe ni Project Zomboid, kazi ya studio ya The Indie Stone. Wameipika muda mrefu kuliko pilau yoyote ninayoijua: ilianza kuuzwa ikiwa mbichi mwaka 2011, ikaingia Steam, duka la gemu la mtandaoni, 2013, toleo la 41 likatulia Desemba 2021, na Desemba 2024 wakatoa toleo la 42 la majaribio. Ukiianzisha, kabla hujagusa chochote, inakuandikia kwamba hizi ni nyakati za mwisho, hapakuwa na tumaini la kupona, na hivi ndivyo ulivyokufa. Ulivyokufa, wakati uliopita. Hakuna kushinda wala bosi wa mwisho. Kuna kuchelewesha tu. Mahali ni Kentucky, Marekani, pembeni ya Fort Knox wanakohifadhi dhahabu yao. Muldraugh na West Point ni miji ya kweli huko, unaweza kuiona kwenye ramani. Rosewood na Riverside wameitunga wenyewe. Anayeanza nitamshauri Rosewood, watu ni wachache. Mimi nilianzia Muldraugh kwa sababu ya ubishi.

Na ubishi wangu una asili yake. Gemu nilijifunzia bandani. Wa rika langu waliokulia Tandika wanajua: chumba kimoja cha bati, televisheni tatu za mgongo, benchi, na mwenye banda amekaa mlangoni na daftari lake. Mechi moja shilingi mia mbili, ukifungwa unanyanyuka. Mtu aliyebakiwa na mia mbili moja mfukoni hachezi kwa utulivu hata siku moja. Anabonyeza kila kitu kwa pamoja, anapiga shuti kutoka katikati ya uwanja, maana nyuma yake wamesimama watoto wanane wanasubiri afungwe. Hicho ndicho kidole nilichokwenda nacho Kentucky. Kuna methali inayofaa hapa, ile ya haraka, lakini mwalimu wangu wa darasa la tatu aliimaliza ladha yote, siiandiki.

Ilinichukua karibu miezi miwili kukubali kwamba kinachoniua si wale mazombi. Na aliyenifungua macho ni mtu ambaye hajawahi kushika kipanya cha kompyuta.

Naishi na shangazi yangu. Ni fundi cherehani, anashonea barazani, na jioni mbu wakizidi huhamishia kazi sebuleni ninapochezea. Siku moja aliinua macho akatazama skrini kwa muda.

"Hao ni misukule?"

"Kama misukule, Shangazi. Wamekufa lakini wanatembea."

"Nani anawafuga?"

"Hakuna. Wako tu."

Akatoa mguu kwenye pedali. "Haiwezekani. Msukule ana mwenyewe."

Kwa hesabu za nyumbani yuko sahihi. Msukule, au ndondocha kama wengine wanavyomwita, ni mtu aliyechukuliwa: watu wanazika mgomba wakidhani wamemzika yeye, kumbe yuko shambani kwa mtu analimishwa usiku, ulimi umekatwa asiseme, chakula chake pumba. Anayetisha kwenye hadithi hizo si msukule bali ni aliyemchukua, ambaye kesho mtakutana naye dukani na kusalimiana. Zombi wa Kentucky hana historia hiyo. Hajatumwa na hana kinyongo. Anasikia, anaona, anakwenda kwenye sauti, na sauti ikiisha anasimama pale ilipomwishia.

Nililala na swali la Shangazi. Nani anawafuga? Kesho yake nikaingia kwenye gemu nikakaa dirishani ghorofani dakika kumi nzima bila kufanya kitu, nawatazama. Hawakuwa wakinitafuta. Walisimama kwenye majani ya mbele kama watu wanaosubiri mgonjwa atoke wodini. Nikafunga mlango wa chumba, mmoja akageuza kichwa. Nikavunja dirisha la nyuma, wakaja wote. Mwenyewe wao nilikuwa mimi, na nilikuwa nawaita tangu siku ya kwanza.

Tena nilikuwa nawaita kwa mdomo. Kwenye kibodi, W ni kwenda mbele. Q iko kushoto kwake kabisa, na Q ni kupiga kelele. Mhusika anafungua kinywa na kuita kwa sauti inayofika nyumba ya pili. Mwezi wa kwanza wote, kila nilipotaka kukimbia na kidole kikateleza, nilikuwa nawatangazia mtaa mzima nilipo, halafu najiuliza mbona gemu hii inanionea. Siku hizi Q ni chombo changu cha kazi. Nataka kuingia dukani na mlangoni wamejaa? Nazunguka nyuma ya nyumba ya tatu, naita mara mbili, naondoka kwa kuinama upande wa pili, na wao wanahamia nilipokuwa. Pazia nafunga kabla sijawasha taa. Pasipo na pazia natundika shuka. Dirisha lililovunjika naondoa vigae kwanza, maana kupanda juu yake ni kujichanja mwenyewe. Na ile helikopta inayopita siku za mwanzo, ukisikia mngurumo wake ingia ndani ukae, hata kama ulikuwa umebakiza mtaa mmoja. Inavuta kila kitu chenye masikio kuja ulipo. Mhusika wa sita alikufa akiipungia mkono, kwa maana ya kwamba mimi nilikuwa nje natafuta ilipo.

Kupigana nako ni kazi ya kusubiri. Nitaeleza ninavyofanya, wenye mikono mizuri mtanisamehe. Unamwona zombi, unajiweka tayari kwa kubonyeza kitufe cha kulenga, halafu unarudi nyuma polepole. Usimwendee. Mwache aje, na anapoingia kwenye urefu wa silaha yako ndipo unapiga, mara moja, unarudi hatua. Akija wa pili wakati wa kwanza bado amesimama, msukume. Akianguka, piga kichwa akiwa chini. Siri iko kwenye kurudi nyuma: uende upande uliotoka, kwa sababu ndio upande unaojua hauna kitu. Wengi tunakufa kwa kurudi nyuma kwenye kichaka tusichokikagua. Ukipata uzio mfupi, hiyo ni sikukuu. Simama upande wako, wao wanajirusha juu yake na kuanguka kifudifudi miguuni pako mmoja baada ya mwingine, kazi yako ni kugonga tu. Nondo ya kuvunjia milango ndiyo silaha ninayoipenda, si kwa sababu inaua haraka bali kwa sababu haichakai upesi. Bunduki iache mpaka ujue unafanya nini. Risasi moja ya bunduki ya wawindaji inaalika harusi nzima.

Kitu kinachodharauliwa ni pumzi. Pembeni ya skrini kuna vialama vinavyokuonyesha hali ya mwili: njaa, kiu, hofu, uchovu. Kile cha kuhema kikitokea, pigo lako linakuwa la mtoto. Zombi aliyekuwa anaanguka kwa mapigo matatu sasa anataka saba, na katika hayo saba wenzake watatu wamefika. Hapo mtu wa bandani anabonyeza kwa nguvu zaidi. Mimi sasa natembea, natembea tu, mara nyingi nawaacha hivyohivyo, natafuta kona tulivu, naketi chini mpaka alama iondoke, narudi. Mauaji ya asubuhi moja nayagawa mara nne. Na mkoba uliojaa kupita kiasi nautua kabla ya kuanza. Nimezika watu wawili kwa sababu ya kung'ang'ania makopo ya maharage.

Hesabu ya majeraha uijue kwa kichwa, kwa mipangilio ya kawaida: mkwaruzo una hatari ya asilimia 7 ya kukuambukiza, kuchanika 25, kung'atwa 100. Ukishang'atwa hakuna dawa, kilichobaki ni siku mbili tatu za kupanga vitu vya atakayekufuata.

Sasa kompyuta, maana nusu ya vifo vyangu havikuwa vya uzembe peke yake. Yangu ni ya mpakato, mtumba wa Kariakoo, memori GB 8, na feni yake inalia kama ndege ya abiria. Zombi akija peke yake, mambo yalikwenda. Wakija ishirini, picha zikaanza kuruka: unabonyeza kupiga, mhusika anapiga baada ya zombi kumaliza alichokuja kufanya. Nilidhani ni kadi ya picha. Si hivyo. Gemu hii imeandikwa kwa Java, lugha ya programu, na mzigo wake mkubwa ni kuhesabu kila kiumbe yuko wapi na anasikia nini, hata wale usiowaona.

Nilichofanya kwanza hakikuwa na uhusiano na programu. Nilimpelekea fundi akaifungua, akatoa vumbi lililoganda kama sufi ya mto, akabadilisha ile gundi ya kupooza juu ya prosesa. Nikairudisha mezani nikaiinua kwa vizibo vinne vya soda, kimoja kila kona, hewa ipite chini. Msinicheke. Kompyuta ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, na ukicheza kwa betri bila chaja inajipunguza vilevile, kwa hiyo umeme ukikatika mimi natafuta nyumba yenye mlango mzima, nafunga, natoka kwenye gemu. Kingine ni kivinjari cha intaneti: kifunge chote, kinakula memori kuliko mazombi.

Ndani ya folda ya gemu kuna faili linaloitwa ProjectZomboid64.json, na ndani yake mstari wenye -Xmx3072m. Hiyo ndiyo memori ambayo Java imeruhusiwa kutumia. Mwenye GB 8 anaweza kuandika 4096 akaona nafuu. Usijaze 8000 ukidhani ndiyo ukarimu, Windows nayo inahitaji pa kukaa, na zikigombana zote mbili zinalala. Weka nakala ya faili kwanza. Kwenye mipangilio ya picha nilizima vivuli vya maiti, nikapunguza madimbwi ya mvua na ubora wa maji, nikapunguza madoa ya damu, nikafunga fremu, yaani picha kwa sekunde, kwenye 30 badala ya kuiacha ihangaike kufika 60 na kuanguka kila dakika. Fremu 30 zinazotulia unazizoea kwa siku moja. Zinazopanda na kushuka ndizo zinazokuua, kwa sababu kidole hakijui kiwahi lini. Toleo la 42 nililijaribu usiku mmoja, kompyuta ikanuka plastiki, nikarudi 41.

Lakini dawa iliyonishangaza ilikuwa ya usafi. Nyumba yangu ya Muldraugh ilikuwa imezungukwa na maiti. Niliua, nikaacha palepale, nikajisifu nikiwatazama kupitia dirishani. Kwa kawaida gemu huziacha saa 216 kabla hazijaondoka, siku tisa za mle ndani. Kila nilipokaribia nyumbani fremu zilishuka, na mhusika naye akaanza kichefuchefu ingawa hajala kibovu. Kumbe maiti nyingi karibu yako zinakuumwisha. Nikatumia siku mbili kuzibeba moja moja mpaka uwanja wa mbali na kuzichoma, nikiangalia mwelekeo wa majani makavu, maana moto mle hauna adabu. Mhusika akapona. Kompyuta nayo ikapona. Sijui gemu nyingine ambayo kufagia uwanja kunaongeza kasi ya mashine.

Ilipofika kwenye maji sikuhitaji kufundishwa na mtu. Mipangilio ya kawaida inakata umeme na maji siku yoyote ndani ya mwezi wa kwanza, na huwezi kujua ni lini. Nilisoma watu wa nje wakilalamika kwamba walishtukizwa. Mimi siku ya kwanza nilijaza kila sufuria, kila chupa, kila kikombe. Mtoto wa Dar hajawahi kuona bomba linatoa maji akaliacha hivihivi. Baadaye nilipofika daraja la nne la useremala nikatengeneza pipa la mvua: mbao nne, misumari minne, mifuko minne ya taka. Maji yake uyachemshe. Au ulipandishe pipa ghorofa ya juu ya sinki na kuliunganisha kwa spana, hapo bombani yanatoka safi. Yaani simtanki. Nilimwita Shangazi aje kuona simtanki la Kentucky. Akasema halina mfuniko, litaota mbu.

Useremala wenyewe unaupata haraka ukiketi mbele ya televisheni. Kituo cha Life and Living siku zile za mwanzo kina kipindi cha mapishi saa 12 asubuhi, useremala saa 6 mchana, na maisha ya porini saa 12 jioni. Mara ya kwanza kusikia nilicheka: dunia imekwisha na mimi nakaa kwenye kochi? Sasa siku tano za kwanza sitoki mbali na televisheni. Jenereta ni baadaye, ukishapata jarida linalofundisha kuiwasha, na ikae nje, moshi wake ndani ya nyumba unaua usiku mmoja.

Shangazi aliichukulia gemu kwa uzito siku aliyoniona nashona. Kuna ujuzi wa ushonaji mle. Unachukua sindano, uzi na vipande vya ngozi au jinzi ulivyokata kwa mkasi kutoka kwenye nguo za wafu, unaweka viraka kwenye nguo yako, na kila kiraka kinapunguza nafasi ya meno kufika kwenye nyama. Mwanzoni unaharibu. Unashona, unafumua, unashona tena, ujuzi unapanda taratibu kama mpunga wa bondeni. Siku za mvua nilikaa ndani ya nyumba yangu ya pazia zilizofungwa, nashona suruali moja ya jinzi.

"Unaanza na magoti," akasema bila kuinua kichwa kwenye gauni la mteja. "Suruali inaisha magotini."

Gemu haina kiraka cha goti, nikaanza na mapaja. Halafu chini kwenye miundi, ngozi juu ya jinzi. Wiki mbili za jioni tulizikaa hivyo, cherehani lake na kibodi yangu, na nafikiri ndiyo michezo bora niliyowahi kucheza ingawa hapakufa mtu. Yule mhusika, wa kumi na saba au kumi na nane, alifika siku ya tisini na nne.

Siku hiyo nilikuwa West Point natafuta jarida la jenereta. Mji ule ni mkali, niliutenga kwa siku tatu: siku ya kwanza kuita na kuhamisha, ya pili kusafisha mtaa mmoja, ya tatu kuingia. Mambo yalikuwa yanakwenda. Mara binamu yangu akaingia sebuleni, ana kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita usiku.

"Kaka, naomba kompyuta."

"Dakika tano."

"Tano kweli?"

Akasimama nyuma ya kiti changu. Hakusema neno zaidi, alisimama tu na daftari lake mkononi, na mimi nikasikia mgongoni watoto wanane wa Tandika. Nyumba ya ghorofa, mlango uko wazi. Sikusikiliza nje. Sikuzunguka kuchungulia madirisha. Sebule nikaipekua, chumba nikakipekua, nikafungua mlango wa bafu nikiwa natembea kwa kasi. Mtu yeyote aliyecheza gemu hii zaidi ya wiki anajua kuna nini bafuni. Alikuwa mmoja tu, mwanamke mwenye gauni la kulalia. Shingoni.

Viraka havifiki shingoni.

Nikampa binamu kompyuta. Shangazi akauliza mbona mapema hivyo leo, nikamweleza. Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, kisha akauliza, "Na suruali?"

Nikamwambia ukweli: katika gemu hii ukifa na maambukizi unainuka, unaanza kutembea na wengine, umevaa ulichokuwa umevaa. Dunia haifutwi. Ukianzisha mhusika mpya mlemle, yule wa zamani yuko, anazurura.

"Kwa hiyo sasa wewe ndiye msukule."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi kaichukue. Ile ina kazi ya wiki mbili."

Mhusika mpya ni seremala, nimemwamshia Muldraugh. Amekaa kochini siku tano, amejaza sufuria, amepata nondo. Kwenda West Point kwa miguu kumenichukua jioni mbili kwa sababu napita msituni na kuketi kila nikihema. Juzi nilifika kwenye ule mtaa. Nyumba ya ghorofa bado mlango uko wazi, na bafuni hakuna mtu. Nimekaa juu ya paa la jirani nawatazama wanaopita chini, natafuta mwenye begi langu la kijani la jeshi. Wenye suruali za jinzi ni wengi kuliko nilivyodhani.